Vioo vya Zinki na Mgongo wa Baba

Baba alipopigwa na kiharusi na upande wake wote wa kulia ukalegea, nilihamisha meza yangu ya ufundi kutoka Tunduma mjini nikaiweka kwenye kibaraza cha nyumba yetu Chapwa. Nilidhani ni kwa muda. Natengeneza simu, redio na inveta, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya popote penye umeme na mwanga, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba nimepoteza kitu. Hata mimi sikuona mara moja.

Kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na mji. Hakuna kikao kilichoitishwa kuamua hivyo. Kaka yangu mkubwa analima Mbebe, milimani Ileje, kwenye shamba aliloachiwa na baba. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Mke wangu ni mwalimu, amepangiwa shule ya bondeni Momba na huja wakati wa likizo. Hata angekuwa nyumbani, mkwe hawezi kumfunua baba mkwe. Nikabaki mimi.

Daktari alinieleza kwamba mtu asiyeweza kujigeuza huanza kuoza mgongo akiwa hai. Inabidi ageuzwe mchana na usiku, chali, ubavu, chali tena, na kila mara ngozi ikaguliwe, ikaushwe, ipakwe mafuta. Nilipanga zamu za pande zake nikazifuata. Baba nilimpa kikombe cha bati, akinihitaji agonge chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Nikajifunza mlio ule unafika wapi. Unafika kibarazani, unafika bafuni, unafika uani hadi banda la kuku. Haufiki dukani ng'ambo ya barabara. Malori yakiwa kwenye foleni ya kwenda mpakani, injini zikinguruma mchana kutwa, haufiki hata bafuni. Hilo ndilo lililokuwa eneo langu. Nje ya hapo nilikuwa naenda kwa haraka na kurudi kwa haraka, na nikiwa huko nasikiliza.

Ndani ya eneo hilo mlikuwa na stoo moja ya nyuma iliyokuwa ya kuwekea mahindi, na humo ndimo nilimotengenezea tando za madini za kupaka juu ya vioo.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye simu zilizovunjika. Kioo cha simu unachokigusa kwa kidole kinapitisha umeme, na bado unaona ng'ambo yake. Chuma kinapitisha umeme lakini huoni ng'ambo. Kioo cha dirisha unaona ng'ambo lakini hakipitishi kitu. Nilikaa na swali hilo muda mrefu nikiwa nalehemu simu za watu, kisha nikaanza kusoma. Sikufika mbali shuleni, Kiingereza nimejifunza kwa kamusi, sentensi kwa sentensi. Nikaelewa kwamba juu ya kioo cha simu umepakwa utando wa oksidi, yaani madini yaliyoungana na hewa ya oksijeni, kitu cha jamii moja na chungu cha udongo kilichochomwa, ila umepakwa mwembamba kiasi kwamba unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara mamia. Watu huutumia kwenye vioo vya simu, kwenye sola, kwenye vipima gesi. Nikasoma pia kwamba oksidi ya zinki inaweza kutengenezwa bila mitambo mikubwa. Hapo nikaanza.

Zinki nilichukua kwenye magamba ya betri za tochi zilizokufa. Niliyasugua, nikayakata vipande, nikayaloweka kwenye siki mpaka yakayeyuka, nikachuja, nikakausha, nikayeyusha tena na kukausha tena hadi nikapata chembe nyeupe. Chembe hizo niliziyeyusha kwenye maji ya betri, yale yasiyo na asidi yanayouzwa kwa madereva wa malori. Vioo nilikatiwa na fundi wa madirisha, vidogo kama kadi ya benki. Jiko lilikuwa la umeme, la koili, na juu yake bamba la chuma lililotoka kwenye gari bovu ili joto lisambae sawa. Ukungu wa ile dawa niliutoa kwa mashine ya kupulizia dawa ya wagonjwa wa pumu. Ukungu ukigusa kioo chenye moto mkali, maji na siki huondoka, zinki inashika oksijeni na kubaki juu ya kioo. Ukipuliza kwa haraka utando unakuwa kama chokaa. Joto likishuka katikati, unachubuka. Ukizima jiko na kukitoa kioo kabla hakijapoa chenyewe, kinapasuka kwa mlio mdogo kama wa mtu anayevunja njugu.

Utando ukikubali, kioo hakionekani kuwa na kitu mpaka ukiinamishe. Hapo zinatokea rangi, kijani na waridi na samawati, zile zile unazoziona kwenye dimbwi la barabarani lori likimwaga dizeli. Rangi hizo ndizo zilinieleza unene, maana kila unene una rangi yake, na rangi ikiwa moja kioo kizima nilijua unene uko sawa kote. Kisha nilipima kwa mita ukinzani wa umeme. Kisha nilimulika kwa taa ya zambarau, ile ambayo wabadilisha kwacha mpakani wanakagulia noti. Ukinzani ukishuka taa ikiwaka, na kupanda taratibu ikizimwa, nilijua ni zinki iliyoungana na oksijeni inayonijibu na si uchafu.

Kila kioo kilichofaulu nilimpelekea baba akione. Alikuwa na macho mazuri hata baada ya kuugua. Aliwahi kuwa mlinzi wa ghala kwa miaka mingi, alizoea kutazama.

"Bado unapika vioo?" alikuwa akiniuliza. Kiharusi kilimpunguzia mwendo wa maneno, hakikumpunguzia maneno. "Vikiiva uniletee na chumvi."

Nikimwonyesha rangi anakishika kwa mkono wa kushoto, anakiinamisha kwenye mwanga wa mlango. "Hiki kizuri kuliko cha juzi. Cha juzi kilikuwa na madoa huku pembeni." Na kweli kilikuwa nayo.

Kuna swali moja lilinishinda. Ukinzani wa tando zangu ulikuwa mkubwa mno kuliko niliousoma kwa watu wengine, ingawa nilifuata kila hatua. Nikamwandikia mhadhiri wa chuo kimoja Mbeya ambaye nilikuta andiko lake. Sikutegemea jibu. Alijibu, akaniuliza natumia kioo gani. Nikamwambia cha dirisha. Akanieleza jambo ambalo sikulijua kabisa: kioo cha dirisha kina magadi ndani yake, na ukikichoma sana magadi yanapanda na kuingia kwenye utando na kuuharibu. Akanielekeza nipunguze joto na niweke kwanza tabaka jingine la kuzuia. Nilifanya hivyo, na ukinzani ukashuka. Tangu hapo tuliandikiana. Yeye aliuliza kama mwalimu, mimi nilijibu kama fundi, na ninaamini wote wawili tulifurahia.

Siku moja akanipigia simu. Fundi wao wa maabara alikuwa anaondoka kwenda kusoma, na walitafuta mtu wa kushika nafasi hiyo kwa mwaka mmoja, mtu mwenye ufundi wa mikono aliyezoea kupulizia tando. Akasema, "Njoo Jumatatu na sampuli zako. Tutaziweka kwenye mashine ya eksirei. Zikiwa ndicho unachosema, nafasi ni yako. Nitawaonyesha wenzangu karatasi ya mashine, hawatauliza vyeti."

Nilikuwa nimesimama kibarazani, bisibisi mkononi. Nilichosikia si mshahara wala maabara. Nilisikia mwaka mmoja wa kuwa mahali ambapo kikombe hakisikiki.

Nikampigia dada yangu Nakonde. Ameshalea watoto wake, wamekwisha toka nyumbani. Aliniambia bila kusita, "Mwe, mdogo wangu, mbona hukusema siku zote hizo? Nitakuja. Nitakaa na ba tata mpaka mambo yako yakae sawa." Ba tata ni baba, ndivyo wanavyosema kwa heshima upande ule. Alhamisi alishuka na mfuko wa unga wa kizambia na kuku wawili wamefungwa miguu, na nyumba ikabadilika harufu.

Baba alimpokea kwa furaha. Nilipomwambia kwamba naweza kwenda Mbeya kwa mwaka mzima, alitazama dari kidogo.

"Mwaka," akasema.

"Nitakuwa nakuja mwisho wa wiki."

"Mbeya si mbali."

"Si mbali, baba."

"Basi," akasema, na akaomba maji.

Vioo vyangu vizuri kuliko vyote, vile vya kupeleka, nilikuwa nimevipanga juu ya kitambaa kwenye rafu ya jikoni, kwa sababu stoo ilikuwa na vumbi la barabara siku hizo. Jumamosi asubuhi nilimgeuza baba, nikamwacha kwa ubavu akitazama mlango ulio wazi kuelekea uani, nikaenda mjini kukata tiketi ya basi na kutafuta boksi lenye sponji la kubebea. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikukimbia. Nilikunywa hata chai mahali, nimekaa kwenye kiti.

Niliporudi, dada alikuwa uani amefunga kitenge kiunoni. Kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya sufuria na sahani, vioo vyangu vilikuwa vimesimamishwa kwenye jua, vyote, kimoja kimoja, vikichuruzika maji.

"Vimetakata, si unaona?" akasema. "Nilivikuta vina mafuta mafuta, rangi rangi kama vimeokotwa barabarani. Nikasema huyu mdogo wangu anaenda kwa wasomi na vioo vya dizeli? Nimevisugua kwa limau na majivu, mukwai, sabuni peke yake ilikuwa haitoi." Mukwai ndilo neno lao la adabu.

Nilichukua kimoja nikakiinamisha. Hakikuwa na kitu. Oksidi ya zinki haiyeyuki kwenye maji, lakini asidi ya limau inaiyeyusha kama sukari, na magadi ya majivu humalizia. Kila mtu aliyekulia kwetu angefanya alivyofanya dada. Limau na majivu ndivyo mama alivyotufundisha kutakatisha kioo cha taa. Kilikuwa kioo kisafi kuliko vyote nilivyowahi kushika.

"Asante, dada," nikasema.

"Mbona unavitazama hivyo? Nimekwaruza?"

"Hapana. Hujakwaruza."

Sikumwambia. Nilipiga hesabu nikiwa nimesimama pale pale. Dada yangu ni mtu wa moyo mwepesi. Akijua amefanya nini angelia, halafu angejilaumu, halafu angesema yeye mkosi tu na kurudi Nakonde, na bila yeye hakuna Mbeya, hata kama ningekuwa na vioo mia. Kwa hiyo nilitabasamu, nikavikusanya vile vioo, nikavipeleka stoo. Nilivihitaji tena. Vilikuwa safi tayari.

Jumapili dada alienda kanisani na majirani wote wakaenda, na Chapwa ikawa kimya isipokuwa malori. Nilikuwa na dawa iliyobaki ya kutosha vioo vitatu. Nilimgeuza baba kwanza, nikampaka mafuta, nikampa uji, ili nipate nafasi ndefu isiyokatika. Nikawasha jiko, nikasubiri joto litulie, nikaanza kupuliza.

Kikombe kikagonga.

Kupuliza hakukatishwi. Ukikatisha, tabaka la pili halishikani na la kwanza. Nikapaza sauti, "Nakuja, baba!" nikaendelea. Kikagonga tena. Nikaendelea. Kikagonga mfululizo, nikaacha nikaenda.

"Nini, baba?"

"Mto umeteleza."

Mto ulikuwa mahali pake. Nikausogeza kidogo, nikarudi. Kioo cha kwanza kilikuwa tayari kimefanya ukoko mweupe. Cha pili umeme ulishuka kikiwa katikati na utando ukachubuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Cha tatu nilikipuliza chote. Hakikupata unene niliotaka kwa sababu dawa iliisha, lakini nilipokiinamisha kilikuwa na rangi moja, dhahabu nyepesi, kutoka ukingo hadi ukingo. Nikakiacha juu ya jiko lililozimwa kipoe kwa wakati wake. Hicho kimoja ndicho nilichoweka kwenye boksi lenye sponji.

Jumatatu nilimgeuza baba kabla sijaondoka, na nikamwonyesha dada zamu. Kumgeuza peke yake asingeweza, kwa hiyo nilikuwa nimemwomba mzee jirani, aliyekuwa mlinzi wa ghala pamoja na baba, awe anapita kusaidiana naye. Mzee alikubali vizuri. "Nenda kijana wangu, huyu ni rafiki yangu, nimembeba hata akiwa amelewa."

Kwenye basi, baada ya kituo cha Mpemba, niligundua kwamba nasikiliza. Ilinichukua hadi Vwawa kuacha.

Mhadhiri alikuwa mwanamke mdogo kuliko nilivyowaza, mwenye koti jeupe lenye doa la wino mfukoni. Hakunifanyia sherehe. Alikishika kioo kwa kingo, kama inavyotakiwa, akakiinamisha kwenye dirisha.

"Kimoja tu, Fundi? Ulisema unavyo vingi."

"Vingine vimeharibika."

"Hiki chembamba."

"Chembamba, ndiyo. Dawa iliniishia."

Alikiweka ndani ya mashine, akafunga mlango mzito. Mashine ile hupiga eksirei kwenye kitu huku ikibadilisha pembe kidogo kidogo, na chembe ndani ya kitu zikiwa zimejipanga kwa utaratibu, kwenye pembe fulani mionzi hurudi kwa wingi na mstari unapanda. Kila madini yana pembe zake. Kitu kisicho na mpangilio, kama kioo, hutoa mwinuko mpana tu, kama mgongo wa kilima. Tulikaa tukitazama mstari ukijichora kwenye kompyuta. Kilikuja kilima cha kioo, kipana, kivivu. Kikapita. Nikaona mhadhiri anajiandaa kusema jambo la kunifariji. Kisha, baada tu ya nyuzi thelathini na nne, mstari ukapanda wima kama mwiba, ukashuka.

"Aa," akasema.

Ulikuwa mwiba mmoja peke yake. Aliniambia hilo si kasoro: chembe zote zimesimama wima upande mmoja, kama mahindi shambani, ndiyo maana pembe nyingine hazionekani. "Utando ni mwembamba sana, na joto lako bado linayumba, nitakuonyesha kwa nini. Lakini ni oksidi ya zinki yenyewe. Uje mwanzo wa mwezi."

Nilimshukuru. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa bustani ya chuo. Watu wa kawaida walikuwa wanapita na mikoba yao, kila mmoja akienda alikokuwa anaenda.

Kurudi, foleni ya malori ilianzia mbali, basi likasimama kabla ya Mpemba na halikusogea. Nilishuka nikachukua bodaboda iliyopenya katikati ya matairi. Jua lilikuwa bado lipo nilipofika. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, beseni la maji miguuni, taulo begani.

"Amekataa," akasema kabla sijamsalimu.

"Amekataa nini?"

"Kila kitu. Chakula amekula. Lakini kumgusa, awe, hataki! Anasema hawezi kufunuliwa na mtoto wake wa kike. Nikamwambia ba tata, mimi nimezaa, nimezika, nimeosha maiti, wewe utanionyesha nini ambacho sijaona? Akanigeuzia uso. Nimepasha maji haya mpaka kuni zimeisha."

"Na mzee jirani?"

"Alikuja asubuhi. Baba akamwambia ameshageuzwa. Alikuja mchana, akamwambia ameshageuzwa. Mimi nilikuwa kisimani. Mzee kaja mara ya tatu nikamwambia anakudanganya huyo, akaingia, wakapiga soga ya ghala huko ndani mpaka wakacheka. Akatoka akasema, 'Hataki. Simlazimishi mtu mzima.'"

Niliingia. Baba alikuwa ameelekea upande ule ule niliomwacha alfajiri. Sikumsalimu, nilishika bega na nyonga nikamgeuza, nikamfunua. Kwenye nyonga ngozi ilikuwa nyekundu, na nilipobonyeza kwa kidole wekundu haukufifia. Hilo ndilo daktari aliniambia nilitazame. Bado haikuwa imepasuka. Nilileta lile beseni, nikamwosha, nikamkausha, nikaanza kumpaka mafuta pembeni ya ile sehemu, si juu yake.

"Wamekukubali?" akauliza, uso wake ukiwa mlangoni.

"Wamenikubali."

"Kwa kile kioo kimoja?"

Mkono wangu ulisimama. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote nyumbani kwamba kimebaki kimoja.

"Jumamosi mlango ulikuwa wazi," akasema. "Nilimwona dada yako anasugua. Nikajua ndivyo vile. Jana nikakuona unapita mlangoni na kimoja."

Nilichovya tena vidole kwenye mafuta.

"Nilimwita," akasema. "Nilimwita kwa sauti ndogo."

"Kikombe kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa hapa."

Lori moja lilipiga honi barabarani, refu, na nyuma yake mengine yakajibu. Niliendelea kupaka. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu mikono yangu ilikuwa mgongoni kwake na mgongo ule haukuwa na kosa. Niliwaza kumwambia nitakwenda hivyo hivyo. Niliwaza kaka wa Mbebe, ambaye angesema nimtume baba kwake milimani, mahali ambapo gari halifiki mvua ikinyesha. Niliwaza mtu wa kuajiri, mwanamume mgeni, akiambiwa kila siku na baba kwamba ameshageuzwa. Kila nilikowaza, mwisho wa wazo ulikuwa ile ngozi nyekundu. Siku moja imeifanya vile. Niliona wazi mwezi mmoja ungeifanya nini. Na niliona kwamba yeye pia alijua, na kwamba alikuwa tayari kulipa kwa mgongo wake ili nisiende.

"Ungekufa," nikamwambia.

"Najua."

"Kwa nini, baba?"

"Unaniuliza kwa nini? Wewe unatembea."

Nilimfunika shuka nikatoka. Dada alikuwa bado mlangoni. Aliniuliza kwa macho, nami nikamwambia hajapata kidonda. Akasema ashukuriwe Mungu, kisha akasema, "Basi utafanyaje na Mbeya?" Nikamwambia sijui, ingawa nilijua.

Asubuhi yake nilimpigia mhadhiri nikiwa uani karibu na banda la kuku. Nilimweleza kwa ufupi: mgonjwa wangu hana mtu mwingine. Hakunisihi, na nilimheshimu kwa hilo. Alisema atamchukua kijana mmoja aliyemaliza chuo, na kwamba kama nitapenda kuendelea, nimtumie vioo kwa basi, ataviweka kwenye mashine wengine wakiwa wamepumzika. Nikasema nitapenda. Akaongeza kwamba nitafute kioo kisicho cha dirisha, atanitumia vichache. Nikasema asante. Simu ikakatika, nikabaki nimeishika.

Dada alikaa nasi wiki ile yote akipika na kufagia, akaenda zake bila kujua habari ya limau. Hadi leo anawaambia watu wa Nakonde kwamba mdogo wake alikubaliwa na wasomi kwa sababu vioo vyake viling'aa.

Asubuhi ile, baada ya simu, niliingia kwa baba. Alikuwa amelala chali, zamu yake, macho kwenye mlango.

"Umewaambiaje?"

"Nimewaambia siji."

Nilimtazama nikitafuta furaha, maana nilijiandaa kuichukia. Haikuwepo. Midomo yake ilicheza kidogo upande ule mzima, na jicho la upande huo likajaa machozi.

"Mimi nilijua utakwenda tu, hata nikifanya vile," akasema.

Malori yalikuwa yameanza kuwashwa barabarani, moja baada ya jingine, na dirisha likawa linatetemeka kwenye fremu yake.

"Nigeuze," akasema. "Nielekee ukutani."

Haikuwa zamu ya ubavu huo, na nyonga ya upande huo ilikuwa bado nyekundu. Nilimwambia hivyo.

"Kidogo tu," akasema.

Niliweka mto chini ya nyonga, ngozi isiguse godoro, nikamgeuza.